Kanzu Iliyofubaa, Hita Iliyokufa: Kisa cha Maji Magumu ya Maweni

Mama mdogo hakunipigia simu kwa sababu ya hita. Hita ilikuwa imeshakufa mara mbili, fundi ameshachukua pesa yake mara mbili, na nyumba nzima ilikwishazoea. Kilichomchoma ni kanzu ya Ijumaa ya mumewe. "Mwanangu," aliniambia, "wewe unasomesha kemia. Njoo unambie sabuni za siku hizi wanatia nini. Kanzu naifua kwa mikono yangu, naianua ina rangi ya jivu, nikiikunja inalia kama karatasi."

Nyumba yao iko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Haiko ufukweni kwenye mahoteli. Iko nyuma, ng'ambo ya barabara, pale ardhi inapoanza kuwa maweni na jembe linapogonga jiwe kabla halijazama. Walihamia kutoka mjini miaka miwili nyuma. Wako sita: mama mdogo, ba'mdogo, watoto watatu, na bibi mzaa baba ambaye ana presha na baridi yabisi. Hita ilitiwa kwa ajili yake, vinginevyo Jambiani nani wa kuhangaika na maji moto? Maji wanayapata kwenye kisima chao wenyewe, kilichochongwa kwenye jiwe kwa tindo na nyundo. Pampu inayapandisha kwenye tangi la plastiki, nayo yanashuka ndani kwa uzito wake.

Nilikwenda Jumamosi. Kabla ya kutoa neno niliomba nitembezwe nyumba, kwa kuwa maji huacha nyayo zake kila yanapopita.

Mfereji wa jikoni ulikuwa umeota ndevu nyeupe. Glasi kabatini zilikuwa na ukungu usiotoka hata ukisugua. Chooni floti ya tangi ilikuwa imegoma katikati, maji yakichuruzika usiku kucha. Shawa ilikuwa na matundu yapata 40, yaliyo wazi niliyahesabu 11, na mengine kati ya hayo yalirusha maji ubavuni, ukutani, kila mahali isipokuwa kichwani mwa mtu. Binti mkubwa alilalamika kuwa nywele zake zinakuwa kama makumbi na ngozi inamuwasha baada ya kukoga. Jikoni maharage yalikuwa motoni tangu asubuhi na bado yalikuwa yanabishana na meno. Chai ya rangi niliyoletewa ilikuwa na utando juu, mwembamba, unaong'aa kama mafuta, ukiugusa kwa kijiko unapasuka vipande vipande.

Kisha mama mdogo akafungua birika la umeme. Ndani lilikuwa limevaa ukoko mweupe wenye unjano kidogo, mnene kama ganda la yai, umebanduka sehemu na vibanzi vyake vikielea.

Hapo sikuwa na haja ya maabara. Lakini nilikuwa na haja ya kujua kwa nini watu wenye akili zao timamu wamekaa na tatizo hili miaka miwili, wakitumia pesa, bila kulipata jina.

Jina walilokuwa nalo ni "maji mabaya". Nadhani ndipo walipopotea. Pwani yetu maji mabaya yanaweza kuwa vitu vitatu tofauti kabisa: maji machafu yenye vijidudu, maji ya chumvi kwa kuwa bahari imeingia kisimani, na maji magumu, yaani yaliyoyeyusha jiwe. Kila moja lina dawa yake, na dawa ya moja haigusi jingine. Wao walikuwa wamenunua dawa za magonjwa wasiyokuwa nayo. Kwanza walibadilisha sabuni aina tatu. Halafu wakatia dawa ya klorini tangini, ambayo huua vijidudu na ugumu huuacha ulivyo. Halafu wakatia shabu, ambayo hukusanya tope na kulizamisha, ilhali maji yao yalikuwa maangavu tangu mwanzo. Mwisho wakaenda duka moja mjini wakauziwa chujio la mitungi mitatu, moja la uzi na mawili ya makaa. Chujio la uzi hushika mchanga, makaa huondoa harufu na klorini. Kalsiamu, yaani madini ya lile jiwe lililoyeyuka, hupita humo kama mwenye nyumba. Muuzaji hakuwadanganya kwa neno hata moja. Waliuliza "lipi zuri", akawaonyesha lililo zuri.

Jirani naye alikuwa na yake: bahari imeingia, mahoteli yananyonya mno. Hili si neno la kupuuza. Chini ya Unguja maji baridi yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabebwa na takriban mita 40 zilizo chini yake. Ukivuta mita moja juu, chini bahari inapanda sana. Na maji ya bahari nayo ni magumu, tena magumu kupita kiasi, kwa sababu ya magnesiamu na kalsiamu iliyomo. Ndiyo maana ukijipaka sabuni ya kawaida baharini inakugandia mwilini. Kwa hiyo swali langu la kweli lilikuwa moja: ugumu huu umetoka baharini au kwenye jiwe?

Jaribio la kwanza nililifanya pale pale jikoni. Nilikata ndimu, nikakamua matone kwenye ukoko wa birika. Ukachemka. Viputo vidogo vidogo vilitoka vikifuatana, na ukisogeza sikio unasikia mchirizo kama wa soda iliyofunguliwa. Mtoto wa mwisho alitaka tumalize ndimu zote. Ukoko unaotoa viputo kwenye tindikali ni kalsiamu kaboneti, na viputo vyenyewe ni kabonidayoksaidi. Chumvi ya bahari ikikauka haifanyi hivyo.

La pili nililifanya kwa chupa tatu za maji ya dukani zilizokwisha. Moja nilitia maji ya mvua yaliyobaki kwenye pipa, moja maji ya kisima, moja maji ya kisima yaliyochemshwa robo saa, yakapoa, yakachujwa kwa kitambaa. Nilikwangua sabuni ya mche, kila chupa ikapata kijiko kidogo sawasawa, nikawapa watoto watikise. Ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni. Ya kisima haikutoa povu. Ilifanya uji mweupe wenye madonge, kama maziwa yaliyokatika. Ya maji yaliyochemshwa ilitoa povu, si kama la mvua, lakini povu la kufulia.

Mama mdogo aliishika ile chupa ya katikati akaitazama muda. "Kumbe sabuni ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii inayokaa kwenye kanzu."

Ndiyo hiyo hasa. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na magadi makali, na huyeyuka kwa kuwa ina sodiamu. Ikikutana na kalsiamu, sodiamu inatoka, kalsiamu inaingia, na kinachopatikana hakiyeyuki tena. Kinajibandika kwenye nyuzi za nguo, kwenye nywele, kwenye ngozi, kwenye kuta za beseni. Weupe wa kanzu unafubaa kwa sababu ya utando huo na uchafu unaoushika. Mama mdogo alipoona imefubaa aliongeza sabuni, na kila alipoongeza sabuni aliongeza utando.

Nilibeba chupa mbili za maji hadi skuli. Jumatatu, baada ya vipindi, nilipima 50 ml ya maji ya kisima, nikatia kiashiria, yakawa mekundu kama juisi ya rozela. Kisha nikadondosha EDTA, dawa ya maabara inayoshika kalsiamu na magnesiamu, tone tone. Kwa muda mrefu hakuna kinachobadilika, mpaka unaanza kuwa na wasiwasi na dawa, halafu wekundu unaingia zambarau, na tone moja tu linaugeuza wote buluu. Ilichukua 18.1 ml. Kwa nguvu ya dawa niliyotumia, kila mililita ni sawa na miligramu moja ya kalsiamu kaboneti, kwa hiyo lita moja ya maji yale ilikuwa na ugumu wa miligramu 362. Katika mgawanyo unaotumika sana, chini ya 60 ni maji laini, na ukivuka 180 ni magumu sana. Yale yaliyochemshwa yalitoa 72.

Tofauti kati ya 362 na 72 ndiyo iliyofunga kesi. Ugumu unaoondoka kwa kuchemsha huitwa ugumu wa muda, na hutokana na bikaboneti, yaani jiwe la chokaa lililoyeyuka. Ule wa kloridi na salfeti hubaki hata ukichemsha mpaka sufuria ikauke. Kama bahari ndiyo ingekuwa chanzo, kuchemsha kusingepunguza sehemu nne kwa tano. Nilijaribu pia nitreti ya fedha kutafuta chumvi. Maji yalipata ukungu hafifu tu. Visima vya pwani vyote vina chumvi kiasi. Hiki hakijavamiwa.

Sasa jiwe limeingiaje kwenye maji? Kwa mtu wa pwani jibu liko karibu kuliko kitabu cha kidato cha tatu. Maweni ni matumbawe ya kale, yaliyoota wakati bahari ilipokuwa juu zaidi ya sasa, na matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Mvua ikinyesha hushika kabonidayoksaidi kidogo angani, halafu hushika nyingi zaidi inapopita kwenye udongo ambamo mizizi na vijidudu vinapumua. Hapo maji yanakuwa na ukali mdogo, mdogo kuliko wa ndimu kwa mbali, lakini yana subira. Yanapenya kwenye nyufa za jiwe na kuliyeyusha. Mapango yetu, likiwemo lile la Mangapwani lenye maji baridi ndani, yamechimbwa hivyo hivyo. Maji yanayofika kisimani ni mvua iliyobeba pango mfukoni.

Ukiyachemsha, ile kabonidayoksaidi inatoka na mvuke, na jiwe lisilo na kitu cha kulishikilia linarudi kuwa jiwe. Linaganda pale penye moto zaidi, yaani kwenye koili ya hita na chini ya birika.

Wazee wetu wamekuwa wakilizungusha jiwe hili karne nyingi bila kuhitaji mwalimu. Walipanga magogo kwenye tanuu, wakaweka mawe ya matumbawe juu, wakawasha moto. Moto uliifukuza kabonidayoksaidi, ikabaki chokaa. Ikazimwa kwa maji, ikapakwa ukutani, na kadiri ilivyokaa ikavuta tena hewa ile ile na kurudi kuwa jiwe. Kuta za Mji Mkongwe zimesimama kwa njia hiyo. Chokaa ya ukutani na ukoko wa birika la mama mdogo ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja amealikwa na mwingine amejialika.

Tuingie kwenye hasara, kwa kuwa watu husema "maji magumu hula sabuni" bila kuhesabu. Kila gramu ya ugumu hugandisha takriban gramu 6 za sabuni kabla povu halijaanza. Kwa maji ya ugumu wa 362, ndoo ya lita 20 inameza karibu gramu 44 za sabuni halisi, bure, kabla nguo haijasafika. Mama mdogo alikuwa akimaliza mche kwa kufua mara chache na kuwashuku watoto.

Hita ilikuwa ya lita 50. Tuseme inajazwa upya mara moja kwa siku: maji hayo yana takriban gramu 14 za jiwe linaloweza kuganda. Halitaganda lote, maana hita haichemshi. Lakini hata theluthi yake kwa mwezi ni zaidi ya gramu 140. Fundi alipoifungua mara ya pili, aliinua koili iliyokuwa na unene wa muhogo. Jiwe ni kizuizi cha joto: koili inaungua ndani wakati maji nje bado vuguvugu, umeme unaenda, mwisho waya unakatika. Fundi alibadilisha koili akaondoka. Mara ya kwanza, kumbe, alikuwa amemimina tindikali ya kusafishia vyoo ili kuokoa muda, na ikala viungo vya shaba nyeupe mpaka vikaanza kuvuja. Na tindikali hiyo ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya sumu. Hilo nilimwambia mama mdogo mara mbili, maana vyote viwili vilikuwa rafu moja chooni.

Maharage nayo yana sababu yake. Kalsiamu hushikamana na pektini, yaani gundi ya ganda la punje, na kulikaza. Ndiyo kazi ya magadi ambayo bibi zetu hutupia chunguni: yana kaboneti, yanaigandisha kalsiamu na kuyalainisha maji. Ila magadi mengine ya maziwa ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, kwa hiyo yawe kidogo, na si kila siku. Utando wa chai ni kalsiamu pia, ikiungana na vitu vya majani ya chai juu ya kikombe. Kamua ndimu, hautokei. Labda ndiyo maana chai ya ndimu inapendwa hivi huku kwetu, ingawa sitaapa.

Swali la afya liliulizwa na bibi, na alikuwa ameshaanza kuogopa kunywa. Jirani alimwambia ule weupe unaenda kujenga mawe kwenye figo. Nilimweleza ninavyofahamu: Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji, na kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayataka. Katika joto kama letu, hatari kubwa zaidi ya mawe ya figo ni kunywa maji machache, kwa hiyo anayeacha kunywa kwa kuogopa mawe anayakaribisha. Kuhusu ngozi ya binti sikutoa ahadi. Uingereza walijaribu mashine za kulainisha maji kwa watoto 336 wenye pumu ya ngozi, matokeo yakatoka 2011, na mashine hazikuwasaidia kuliko matibabu ya kawaida. Binti hakuwa na ugonjwa huo, alikuwa na mabaki ya sabuni mwilini, na sabuni ya maji isiyo ya mche ilitosha kupunguza.

Tulipofika kwenye dawa, ba'mdogo alitaka mashine. Mashine ya kulainisha ina chembechembe zinazoshika kalsiamu na kuachia sodiamu, na zikichoka husafishwa kwa maji ya chumvi nyingi. Inafanya kazi, wala si uganga. Lakini inataka chumvi mwaka mzima, na maji yake yanaongezeka sodiamu, jambo lisilofaa kwa maji ya kunywa ya bibi mwenye presha. Kuna njia nyingine inayochekesha: mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa Aberdeen, alipata hataza ya kuondoa chokaa kwenye maji kwa kutia chokaa. Kemia yake ni sahihi, chokaa iliyozimwa huichukua ile kabonidayoksaidi na vyote viwili huzama pamoja. Lakini kipimo kikizidi maji yanakuwa makali. Hiyo ni kazi ya mtambo wa maji, nyumbani hapana.

Nilichowaambia ni kwamba si maji yote ya nyumba yanahitaji kuwa laini. Choo hakijali, mchicha haujali, sakafu haijali. Wanaojali ni nguo, nywele, maharage na kitu chochote kinachopashwa moto. Kwa hao kuna mvua. Bati lao ni kama mita za mraba 60, na kila milimita ya mvua ni lita 60. Siku moja ya masika yenye milimita 20, hata tukipoteza sehemu moja ya tano, ni lita 960. Walifunga mifereji ya bati upande mmoja na tangi la lita 2,000, wakaweka kipande cha bomba cha kumwaga maji ya mwanzo yenye vumbi na vinyesi vya kunguru. Tangi likiisha, wanafulia sabuni ya unga, ambayo haigandi kama ya mche.

Hita iliondolewa. Maji ya bibi ya kukoga yanapashwa kwenye sufuria pana, ambayo ukoko wake unauona na kuukwangua. Birika linalazwa na siki usiku mmoja kila baada ya wiki mbili. Hapo msifanye uchoyo: gramu 50 za ukoko zinataka zaidi ya lita moja ya siki ya kawaida kumalizika, ndiyo maana ni bora uukamate ungali mwembamba. Shawa ilifunguliwa, ikalowekwa kwenye bakuli la siki, matundu yote yakafunguka. Chujio la mitungi mitatu bado liko ukutani, kwa sababu ni la bei na hakuna anayetaka kulishusha.

Kanzu haikupona kwa mara moja. Ilichukua kufuliwa mara nne kwa maji ya mvua, mara ya kwanza ikiwa na siki kidogo kwenye maji ya kusuuzia, ndipo ilipoacha kulia ikikunjwa.

Koili ya hita niliichukua, iko kwenye rafu ya maabara ya skuli, na kila kidato cha tatu kinaikamulia ndimu.

Aliyebaki na msimamo wake ni bibi. Maji ya mvua anayakogea, nguo zake zinafuliwa nayo, lakini ya chai anaagiza yatoke kisimani. Walimpikia chai kwa maji ya mvua siku tatu. Siku ya nne alikisukuma kikombe, akasema chai haina kitu, ni kama kunywa upepo.